Anza na Kile Kitakachofukiwa

Ukipanda daladala ya Mbezi Mwisho, au ukakata Goba kuelekea Madale, au ukazama Chanika na Kivule, kitu kimoja hukikosi: boma. Kuta za tofali za simenti zimesimama hadi kwenye linta, madirisha matupu, mpapai umeota sebuleni, na kwenye chumba kimoja kilichofunikwa bati kuukuu anaishi mlinzi na familia yake. Maboma mengine yana mwaka, mengine yana kumi. Mwenyewe hakufa wala hakufilisika. Mara nyingi bado ana kazi, bado anapita saiti Jumapili moja moja, anazunguka, anahesabu kozi kana kwamba zimeongezeka, kisha anarudi zake mjini. Fedha ilimwishia, ndiyo, lakini kabla ya kuisha ilikwenda mahali ambapo haikupaswa kwenda kwanza.

Mwongozo huu ni wa yule anayejenga kama wengi wanavyojenga Dar es Salaam: kidogo kidogo, kwa mshahara, kwa kikoba, kwa fedha ya ndugu aliyeko Muscat au Minnesota, bila mkopo wa benki wa miaka 20. Kwa mtu huyo, kujua nyumba nzima itagharimu kiasi gani kunasaidia, ila kuna swali linalolipita hilo kwa uzito: shilingi ya leo iende wapi? Kanuni ya kuanzia ni nyepesi kuikumbuka na ngumu kuitii. Fedha yako nzuri iweke kwenye vitu ambavyo vikishafunikwa havifunguki tena bila kubomoa: karatasi za kiwanja, msingi, nondo, mabomba ya chini ya jamvi, mbao za paa. Rangi, marumaru, jipsamu na geti la kuteleza vinaweza kungoja hata miaka mitano. Madukani havitakwisha.

Karatasi kabla ya kokoto

Tanzania Bara ardhi yote ni ya umma na Rais ndiye mdhamini wake. Unachonunua ni haki ya kuitumia. Chini ya Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 hati haizidi miaka 99, na kwa kawaida hutolewa ya miaka 33, 66 au 99. Kijijini kuna Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka huohuo, yenye hati ya hakimiliki ya kimila. Na kwenye mitaa ya mjini isiyopimwa kuna leseni ya makazi, ambayo ni ya muda mfupi na haina nguvu ya hati. Dalali hatakueleza hayo. Atakwambia kiwanja "kimepimwa", naye anamaanisha kuna mtu aliwahi kupita pale na futi kamba.

Kiwanja kilichopimwa kina mawe ya mipaka, yale wenyewe wanayoyaita bikoni, kina namba ya kiwanja na ya kitalu, na kinaonekana kwenye mchoro wa mipango miji. Chukua namba hizo uende nazo ofisi ya ardhi ya halmashauri, kisha omba upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati. Upekuzi utakuonyesha mmiliki aliyeandikwa ni nani, kama kiwanja kimewekwa rehani, na kama kuna zuio. Ada yake haifiki hata kivuli cha hasara unayoikwepa. Hata hivyo kuna watu wanaolipa mamilioni chini ya mwembe, mbele ya mashahidi wanne ambao hawawafahamu, halafu wanaona uvivu wa kwenda dirishani.

Mwangalie muuzaji pia. Kama kiwanja ni cha urithi, anayeuza awe msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Kaka mkubwa mwenye sauti kubwa hatoshi. Kama pana nyumba ya familia, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamzuia mwanandoa kuiuza bila ridhaa ya mwenzake, kwa hiyo mke au mume naye atie saini, tena mbele yako. Halafu rudi mtaani peke yako, bila dalali. Kaa dukani, nunua soda, uliza. Mama muuza vocha wa pale kona anajua kama kiwanja kile kimeshauzwa mara mbili.

Ukimaliza na watu, pima umbali. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu na za mikoa kutoka mita 22.5 hadi 30 kila upande, kuanzia katikati ya barabara, na kuna sehemu ambako ni zaidi ya hapo. Mwaka 2017 nyumba nyingi kandokando ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara kwenda Kiluvya, zilipigwa X nyekundu na kubomolewa, hifadhi ikihesabiwa mita 121.5 kila upande. Zilikuwamo zenye vigae na zenye ghorofa. Kando ya bahari, ziwa na mto, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka uache mita 60.

Mwezi wa kukagua kiwanja ni Aprili. Vaa viatu vya mvua, nenda masika yakiwa yamekolea, uone maji yanatoka wapi, yanapita wapi, yanalala wapi. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliyoua watu Dar es Salaam na kuwahamisha wakazi wa bonde la Msimbazi hadi Mabwepande hayakuvumbua njia mpya. Maji yalipita njia yao ya siku zote, yakakuta nyumba. Kiwanja kinachouzwa Agosti kwa bei ya kutupa kina sababu, na sababu hiyo hurudi na mvua.

Ramani ya mfuko wako

Siku hizi ramani haina shida kupatikana. Inatumwa kwa simu ikiwa na picha ya jengo jeupe, kioo kutoka chini hadi juu, na gari jeusi limeegeshwa mbele kana kwamba limo kwenye bei. Tatizo la ramani hizi ni kwamba zilichorwa bila kujua kiwanja chako kinatazama wapi.

Wazee wa pwani walianzia kwenye upepo na kwenye mti. Katika nyumba za mawe za Lamu na Zanzibar, upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti ya mkoko, kiasi cha mita mbili na nusu hadi tatu hivi. Ndiyo maana vyumba vile ni virefu na vyembamba. Kuta nene zilizuia joto la mchana. Wewe una nondo na zege, boriti haikufungi, ila jua na upepo ni vilevile. Kusi inavuma kutoka kusini-mashariki kuanzia Aprili hivi hadi Septemba, kaskazi inavuma kutoka kaskazini-mashariki kuanzia Novemba hadi Machi. Ukiweza, pande ndefu za nyumba zitazame kaskazini na kusini, na kila chumba cha kulala kiwe na madirisha kwenye kuta mbili ili upepo uingie na kutoka. Chumba chenye dirisha moja linalotazama magharibi utakilipia feni na kiyoyozi maisha yako yote. Mchoraji mzuri atakuuliza kaskazini iko wapi kabla hajakuuliza unataka vyumba vingapi. Asipouliza, mtafute mwingine.

Halafu kuna ukubwa. Ile nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo na Magomeni, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, uani jiko na choo, ilikuwa na akili moja ambayo ramani za simu hazina: mwenye nyumba aliweza kumaliza vyumba viwili, akaishi, akapangisha kimoja, kodi ikajenga kinachofuata. Mwombe mchoraji akugawie nyumba yako hivyohivyo. Sehemu ya kwanza iwe na chumba kimoja au viwili, choo, jiko na sebule ndogo, yenye paa lake kamili na choo kinachofanya kazi. Sehemu ya pili iungwe baadaye, na mahali pa kuungia paonekane kwenye mchoro tangu leo. Nyumba ndogo iliyokwisha inakulaza. Boma la vyumba sita linamlaza mlinzi.

Kama moyoni una ghorofa, hata kama ni la miaka kumi ijayo, liseme sasa. Nguzo na msingi wa ghorofa huhesabiwa na mhandisi kabla ya shimo la kwanza, na hakuna dawa ya kuuongezea nguvu msingi wa nyumba ya chini kwa bei inayoeleweka. Machi 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi, katikati ya Dar es Salaam, liliporomoka na kuua watu 36. Novemba 2024 jengo jingine likaanguka Kariakoo. Hayo yalikuwa majengo makubwa, lakini zege la nyumba yako linafuata hesabu zilezile.

Kibali cha ujenzi kinatoka halmashauri, na michoro yake iwe na mihuri ya watu waliosajiliwa. Wabunifu majengo na wakadiriaji majenzi wana bodi yao, wahandisi wana yao, makandarasi wana yao, na zote zina orodha za wanachama wao. Angalia jina kwenye orodha. Kadi ya biashara kila mtu anachapisha. Anayetaka tofali za kufungamana, zinazopunguza simenti ya kujengea, apite kwa Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi, maana udongo wa kila mahali haufai na wao wanaupima.

Hesabu ya tofali, kwa kalamu

Kabla hujamwita mwenye kenta, fanya hesabu mwenyewe. Tofali la kawaida la inchi 6 lina urefu wa sentimita 45 na kimo cha sentimita 23. Ukijumlisha udongo wa kujengea katikati, mita moja ya mraba ya ukuta inakula tofali 9 hivi. Tuseme nyumba yako ni mita 10 kwa 12. Kuta za nje ni mita 44, za ndani tuziweke 40, jumla mita 84. Kwa kimo cha mita 3 unapata mita za mraba 252; toa milango na madirisha, zibaki 215. Hizo ni tofali 1,935. Msingi wa kozi tano, tofali zikiwa zimelazwa, unakula 900 nyingine. Jumla inakaribia 2,850, na ukiweka za kuvunjika utaagiza 3,000. Fundi akikwambia zinatakiwa 4,500, mwombe akuonyeshe hesabu yake. Huenda ana sababu. Huenda hana.

Ubora wa tofali ni habari nyingine, na hapo ndipo wengi wanapigwa. Mfuko wa simenti wa kilo 50 ukitoa tofali 30 hivi za inchi 6, hilo ni tofali. Ukivutwa hadi 50 na zaidi, huo ni mchanga uliosimama kwa adabu. Usiulize muuzaji mfuko unatoa ngapi, jibu lake unalijua. Chukua tofali moja, likwaruze kwa msumari, kisha liachie lianguke kutoka usawa wa kiuno kwenye ardhi ngumu. Likimeguka pembe, sawa. Likisambaa kama mkate wa juzi, washa pikipiki uondoke. Wanaoweza huleta simenti na mchanga wao saiti na kumlipa mfyatuaji, tofali zikafyatuliwa mbele ya macho yao na kumwagiliwa wiki nzima kabla ya kujengwa.

Chini ya ardhi

Juni ndio mwezi mzuri wa kuchimba. Masika yamepita, ardhi bado laini, na una miezi kadhaa kabla ya vuli.

Siku ya kuseti jengo uwepo. Hata kama umeajiri mtu wa kusimamia, siku hii chukua ruhusa kazini. Fundi mwenye uzoefu wa mtaani huwa hana mashine ya leza. Ana vigingi, kamba, misumari, na mpira mwembamba unaoonyesha ndani, wa mita 10 au 15, aliojaza maji. Anashika ncha moja kwenye kigingi cha kona, saidia fundi anakwenda na ncha ya pili kwenye kona nyingine. Maji yanapanda, yanashuka, yanacheza kidogo, yanatulia. "Weka alama," anasema fundi, na kalamu ya mbao inachora mstari pale maji yalipokomea. Usawa wa nyumba yako nzima umeamuliwa hapo, na mpira wa bei ya chai. Kuna jambo moja la kuchungulia: povu la hewa likinasa katikati ya mpira, maji yanasema uongo, na kona moja inaweza kushuka sentimita tatu bila mtu kujua. Uliza kwa upole, "Fundi, humo hamna hewa?" Aliye fundi kweli hanuni. Atauinua mpira, ataupigapiga kwa kidole, aanze upya.

Kisha kona. Mita 3 upande mmoja, mita 4 upande wa pili, na kati ya alama hizo mbili lazima usome mita 5 kamili. Ikizidi au ikipungua, kona haijakaa. Mwisho pima kona kwa kona: kwa nyumba ya mita 10 kwa 12, kamba zote mbili za mshazari ziwe mita 15 na sentimita 62. Ukiziacha zikitofautiana, hutaona kitu kwa miaka miwili, hadi siku ya kuweka marumaru, mstari wa mwisho wa vigae utakapoanza mpana mlangoni na kuisha mwembamba dirishani.

Kina cha mtaro kinategemea udongo. Mchanga wa Kigamboni haufanani na mfinyanzi mwekundu wa miteremko ya Goba, na udongo mweusi unaopasuka kiangazi na kuvimba mvua ikinyesha ni balaa peke yake: ukikuta huo, mlipe mhandisi aje autazame kabla hujatia tofali. Chimbeni hadi ardhi ngumu, na kina kiwe kilekile kuzunguka nyumba nzima, au kipande kwa ngazi. Nyufa zinazopanda kama ngazi kwenye viungo vya tofali zinatoka huku chini. Zile za nywele kwenye plasta ni za kukauka tu, hazina neno; ila ufa wa ngazi hata ukiuziba, msimu ujao utauziba tena.

Nondo zina udanganyifu wake. Nondo halisi ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 ina uzito wa kilo 10 na gramu 650 hivi. Kuna zinazouzwa kwa jina hilo zikiwa nyembamba zaidi na fupi zaidi. Nenda dukani na futi, omba mizani. Zikiwa ndani ya mtaro, zisilale kwenye udongo: ziinuliwe juu ya vipande vidogo vya zege ili simenti izizunguke pande zote, hasa ukiwa karibu na bahari, ambako hewa ya chumvi hula chuma. Kwa sababu hiyohiyo mchanga wa ufukweni usiukubali kamwe, hata ukiletwa bure. Mchanga wa mtoni au wa machimbo upime kwa chupa ya maji iliyokwisha: jaza mchanga nusu, tia maji, tikisa, weka kwenye kivuli hadi kesho. Juu ya mchanga kutakuwa na tabaka la tope. Likiwa jembamba kama ganda, poa. Likiwa nene kama kidole, umeuziwa shamba.

Zege la uwiano wa 1:2:4, yaani simenti moja, mchanga mbili, kokoto nne, linapimwa kwa ndoo au kwa karai moja lisilobadilika, na halipimwi kwa chepe, maana chepe ya saa tatu asubuhi na chepe ya saa tisa alasiri hazilingani. Wapiga zege hupenda maji mengi. Zege linateleza, mgongo unapumzika. Maji yakizidi, nguvu ya zege inapungua, na huwezi kuirudisha. Likishamwagwa, limwagilie asubuhi na jioni kwa siku 7 bila kukosa. Nguvu yake kamili hupimwa siku ya 28. Kazi ya kumwagilia haina mshahara mkubwa wala sifa, ndiyo maana husahaulika. Mpe mlinzi, mlipe kitu kidogo cha ziada, na umpigie simu saa kumi na moja jioni.

Kabla ya jamvi, mabomba. Hapa pana mambo mawili tu: mteremko na picha. Bomba la maji machafu la inchi 4 lishuke kiasi cha sentimita 2 na nusu kwa kila mita moja. Likilala sawa, choo kitaziba sherehe ya kwanza utakayoalika watu. Karo na shimo la kunyonya viwe upande wa chini wa kiwanja, na kama kuna kisima, chako au cha jirani, umbali usipungue mita 30. Picha tutazirudia.

Juu ya kichwa

Kuta zenyewe hazina siri nyingi. Timazi iende kila kozi chache, viungo vya kusimama vipishane, mkanda wa zege uzunguke nyumba nzima bila kukatika. Hapa pita haraka, fedha itunze kwa ajili ya paa.

Kwenye bati, namba ndogo ndiyo nene: geji 28 ni nene kuliko 30, na 30 ni nene kuliko 32. Tofauti hiyo ipime kwa vidole kabla ya kuangalia rangi. Kitu muhimu kuliko bati lenyewe ni mbao zilizo chini yake. Ziwe zimekauka na zimetiwa dawa, kwa sababu bati likichakaa unalibadilisha kwa siku mbili, ila mchwa akishaingia kwenye kenchi unabadilisha paa zima pamoja na dari.

Sasa neno kuhusu paa la kujificha, lile lililozungukwa na ukuta hadi nyumba ionekane kama sanduku. Ni la kupendeza kwenye picha. Katika mji unaopata zaidi ya milimita 1,000 za mvua kwa mwaka, paa hilo lina mfereji wa ndani ambao lazima usiwahi kuziba, na majani ya mwarobaini wa jirani hayasomi ramani. Anayelitaka alijenge, lakini aweke pia njia ya pili ya kutoa maji, na awe na ngazi. Paa la kawaida lenye mteremko na ukingo uliotoka nje sentimita 60 hukinga ukuta dhidi ya mvua na dirisha dhidi ya jua, bila kuomba matengenezo.

Mvua hiyohiyo ni mali. Kwenye paa la mita za mraba 120, kila milimita moja ya mvua ni lita 120. Mwezi wa mvua ya milimita 100 unakushushia lita 12,000, na maji ya bomba yakikatika wiki nzima utakumbuka kwamba ungeweza kuweka gata na simtanki la lita 5,000 badala ya taa za kuning'inia.

Fedha, fundi na simu

Usimlipe fundi kwa siku kwenye kazi inayohesabika. Mlipe kwa hatua: kuchimba na kumwaga zege la chini, kujenga msingi, jamvi, boma hadi linta, mkanda, kupaua. Kila hatua iandikwe kwenye karatasi, bei ya ufundi na muda wake, na kiasi fulani kibaki mkononi mwako hadi umekagua. Fundi naye asinyimwe haki yake. Anayecheleweshewa malipo ya wiki mbili hukubali kazi nyingine Bunju, na wewe unabaki na saidia fundi wanaocheza bao.

Simenti inunuliwe ya kutumika ndani ya wiki chache. Mifuko iliyolala miezi mitatu kwenye boma lenye unyevu huwa mawe, na nusu ya isiyokuwa mawe imeshahamia kwenye nyumba ya mtu mwingine. Nondo, kokoto na mchanga vinavumilia zaidi. Anayetaka kuweka akiba kwa njia ya vifaa anunue hivyo.

Walioko nje ya nchi wana adha yao maalumu. Fedha inatumwa kwa mjomba, picha inarudi kwa WhatsApp, ukuta unaonekana, nyimbo za shukrani zinaimbwa. Picha moja haithibitishi kitu. Ukuta wa jirani nao hupigwa picha. Omba video ya moja kwa moja, mtu atembee kutoka kwenye bikoni hadi ndani, aweke futi kwenye mtaro usome kina mwenyewe. Bora zaidi, mlipe mhandisi au mkadiriaji asiyekuwa ndugu aende mara moja kila hatua na kukuandikia kurasa mbili. Ndugu huona haya kumwambia fundi abomoe. Asiye ndugu haoni.

Kuhamia kabla ya mwisho

Mwenye nyumba wa mjini anadai kodi ya miezi 6 au mwaka mzima kwa mkupuo. Fedha hiyo, ukiihamishia saiti, inaweka milango, grili na choo. Kwa hiyo hamia mapema: vyumba viwili vyenye bati, madirisha, mlango wa mbele wa mbao ngumu, sakafu ya simenti iliyosuguliwa, maji, na umeme uliofungwa na fundi mwenye leseni ya EWURA, kwa kuwa TANESCO wanataka fomu yake na nyumba yako inataka ethi iliyozikwa ipasavyo. Sebule ibaki na plasta. Wageni watakaa.

Ukiishi ndani mwaka mmoja kabla ya umaliziaji, nyumba itakufundisha vitu ambavyo mchoraji hakujua. Utagundua mahali watoto wanapenda kukaa saa kumi jioni, mlango gani hautumiki, upande gani mvua ya upepo inapiga. Hapo ndipo ununue marumaru.

Na zile picha. Kabla zege la jamvi halijamwagwa, na kabla plasta haijafunika mabomba ya maji na ya nyaya, piga picha kila ukuta na kila chumba, futi ikiwa imelazwa kuanzia kona ili namba zisomeke. Zichapishe, ziweke kwenye faili moja na hati, kibali, mchoro wa mhandisi na risiti za nondo, maana simu hupotea. Miaka minane baadaye ukuta wa jikoni utakapoanza kutoa jasho, fundi bomba atafungua faili, atapima mita moja na sentimita 40 kutoka kona, na atatoboa tundu moja.